Nairobi hadi New York: Umbali Mmoja, Nyakati Mbili

Mwanafunzi akiombwa aonyeshe njia fupi kuliko zote kutoka Nairobi hadi New York juu ya ramani ya dunia iliyobandikwa ukutani, aghalabu huchukua rula. Huweka ncha moja juu ya Kenya na nyingine juu ya pwani ya mashariki ya Marekani, kisha hupiga mstari. Katika ramani nyingi za ukutani mstari huo hupita juu ya Afrika ya Kati, Nigeria, Burkina Faso na Mali, hutoka barani katika ufuko wa Mauritania, kisha huvuka Bahari ya Atlantiki.

Mstari huo umenyooka, lakini njia si fupi. Njia fupi kuliko zote hupita karibu na Mlima Elgon, kaskazini ya Uganda, Sudani Kusini, Darfur, Chadi, pembe ya kaskazini-mashariki ya Niger na jangwa la Algeria. Hutoka barani Afrika huko Moroko, hupita karibu na visiwa vya Azores vilivyo mali ya Ureno, ndipo ielekee New York. Mwenye kufuata mstari wa rula angesafiri kilometa 350 zaidi.

Hilo ni fumbo la kwanza. Fumbo la pili linahusu muda. Ndege moja, yenye injini zilezile, huchukua karibu saa 15 kutoka Nairobi hadi New York, lakini inaporudi huchukua muda pungufu kwa saa moja au zaidi. Umbali haukubadilika. Ni nini basi kilichobadilika?

Majibu ya mafumbo haya mawili hayatoki katika ufundi wa ndege peke yake. La kwanza hutoka katika umbo la dunia, na la pili hutoka katika mzunguko wake. Na kwa nchi inayotaka kupeleka watu na bidhaa ng'ambo bila kusimama njiani, majibu hayo hupimwa kwa tani za mafuta na kwa idadi ya viti.

SAFARI ILIYOFUNGULIWA MWAKA 2018

Kwa miaka mingi msafiri aliyetoka Nairobi kwenda New York alilazimika kubadili ndege njiani, London, Amsterdam au Dubai. Kupitia London jumla ya umbali ni kama kilometa 12,390, na kupitia Dubai ni zaidi ya kilometa 14,500. Pamoja na umbali huo msafiri huhesabu saa za kungoja uwanjani, ambazo huweza kuzidi faida yote ya ndege iendayo kasi.

Ili ndege ya Kenya iruke moja kwa moja hadi Marekani, mambo mawili yalitakiwa. Kwanza, usimamizi wa usalama wa anga wa Kenya ulipaswa kukubaliwa na Marekani, jambo lililotimia mwezi wa Februari mwaka 2017. Pili, ilitakiwa ndege iwezayo kubeba mafuta ya kutosha pamoja na abiria wa kutosha. Kenya Airways ilikuwa imeanza kutumia ndege za aina ya Boeing 787-8 mwaka 2014. Kwa uzito, nusu ya umbile la ndege hizo ni nyuzi za kaboni zilizogandishwa katika utomvu wa plastiki badala ya madini, kwa hiyo ni nyepesi kuliko ndege za zamani zenye ukubwa kama huo. Tarehe 28 Oktoba 2018 ndege ya kwanza ya shirika hilo iliruka kutoka Nairobi hadi New York bila kutua njiani. Ilielezwa kuwa kila safari ingehitaji marubani 4, wahudumu 12 na takriban tani 85 za mafuta.

UMBO LA DUNIA HUTOA UMBALI

Ramani ya ukutani ni karatasi bapa, na dunia ni tufe. Haiwezekani kulitandaza ganda la chungwa juu ya meza bila kulipasua au kulivuta. Vivyo hivyo haiwezekani kuutandaza uso wa dunia juu ya karatasi bila kuharibu kitu: ama maumbo, ama maeneo, ama umbali. Gerardus Mercator, mchoraji ramani wa karne ya 16, alichagua mwaka 1569 kuhifadhi pembe. Alifanya hivyo kwa ajili ya mabaharia. Juu ya ramani yake, mstari wa rula huonyesha safari ambayo dira haibadiliki: nahodha hushika pembe moja tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa jahazi au merikebu hiyo ni faida kubwa. Lakini nchi zilizo mbali na ikweta huvutwa na kuonekana kubwa kuliko zilivyo, na umbali huharibika.

Juu ya tufe, njia fupi baina ya nukta mbili ni sehemu ya duara kuu. Duara kuu ni duara ambalo kitovu chake ni kitovu cha dunia yenyewe. Ikweta ni duara kuu, na kila mstari wa longitudo ni nusu ya duara kuu. Lakini mistari ya latitudo, isipokuwa ikweta, si duara kuu. Ndiyo maana mtu atokaye mji mmoja kwenda mwingine ulio katika latitudo hiyohiyo kaskazini mwa ikweta hafuati latitudo hiyo. Hupinda kuelekea ncha ya kaskazini, kisha hurudi.

Mwalimu anaweza kulithibitisha jambo hili darasani kwa tufe la kufundishia na uzi. Ncha moja ya uzi ishikwe juu ya Nairobi na ya pili juu ya New York, kisha uzi uvutwe mpaka ukazike. Uzi hauwezi kudanganya: ukikazika huwa umefuata njia fupi. Wanafunzi wataona wenyewe kwamba unapita juu ya Sahara na kutoka barani kwenye pwani ya Moroko. Kama shule haina tufe, mpira wa miguu na kalamu vinatosha.

HESABU KWA JEDWALI LA KOSAINI

Uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta uko nyuzi 1.3 kusini mwa ikweta na nyuzi 36.9 mashariki ya Greenwich. Uwanja wa John F. Kennedy uko nyuzi 40.6 kaskazini na nyuzi 73.8 magharibi. Kwa kuwa mmoja uko mashariki na wa pili magharibi, tofauti ya longitudo hupatikana kwa kujumlisha: nyuzi 110.7.

Nairobi iko karibu sana na ikweta, na jambo hilo hurahisisha kazi. Mtu akiichukua kana kwamba iko juu ya ikweta yenyewe, kosaini ya pembe ya safari, yaani pembe iliyoko kwenye kitovu cha dunia baina ya miji hiyo miwili, ni kosaini ya latitudo ya New York ikizidishwa kwa kosaini ya tofauti ya longitudo:

kosaini 40.6 × kosaini 110.7 = 0.7593 × (−0.3535) = −0.2684

Pembe yenye kosaini hiyo ni nyuzi 105.6. Mzingo wa dunia ni takriban kilometa 40,030, basi kila uzi mmoja wa pembe juu ya duara kuu ni sawa na kilometa 111.2. Umbali ni 105.6 × 111.2, yaani kama kilometa 11,740.

Atakaye usahihi zaidi hana budi kuikumbuka ile nyuzi 1.3 iliyoachwa. Kanuni kamili huongeza zao la saini za latitudo mbili, na latitudo ya kusini huhesabiwa kuwa hasi. Zao hilo ni −0.0148. Jumla huwa −0.283, pembe huwa nyuzi 106.45, na umbali huwa kilometa 11,840. Kosa la hesabu ya kwanza lilikuwa kilometa 100, yaani chini ya sehemu moja katika mia. Hesabu ya kurasa chache za jedwali la kidato cha tatu yatosha kupima safari inayozidi robo ya mzingo wa dunia.

KWA NINI DUNIA HAIMSOGELEI MSAFIRI

Hapa wanafunzi wenye kufikiri huuliza swali zuri. Dunia huzunguka kutoka magharibi kwenda mashariki. Katika ikweta uso wake huenda kwa kasi ya kilometa 1,670 kwa saa, karibu mara mbili ya kasi ya ndege ya abiria. Ndege iendayo magharibi inakwenda kinyume cha mzunguko huo. Je, si ingefaa New York iisogelee ndege, na safari ya kwenda iwe fupi kuliko ya kurudi?

Jibu ni kwamba hewa nayo inazunguka pamoja na dunia, na ndege huelea katika hewa. Hata kabla ya kuruka, ndege iliyosimama Nairobi ilikuwa tayari ikienda mashariki kwa kasi ileile ya kilometa 1,670 kwa saa pamoja na uwanja, mti na mlima. Mtu aliye ndani ya basi liendalo kasi akirusha chungwa juu, chungwa humrudia mkononi. Haligongi kioo cha nyuma. Chungwa lilikuwa na mwendo wa basi kabla ya kurushwa, na hewa iliyo ndani ya basi inasafiri nalo.

Kwa hiyo mzunguko wa dunia hauingii katika safari kwa mlango wa mbele. Lakini huingia kwa mlango wa nyuma, kwa njia ya upepo.

MITO YA UPEPO

Hewa ya ikweta hupata joto kali la jua, hupanda juu, kisha husambaa kuelekea kaskazini na kusini. Hewa hiyo imechukua mwendo wa ikweta, wa kilometa 1,670 kwa saa kuelekea mashariki. Inapofika latitudo ya nyuzi 30, ardhi iliyo chini yake huenda kwa kilometa 1,446 tu kwa saa, kwa sababu duara la latitudo ni dogo kuliko ikweta. Zaidi ya hayo, hewa imeukaribia mhimili wa dunia, na kila kizungukacho kinapoukaribia mhimili wake huongeza kasi. Mtoto aliyekaa juu ya kiti cha kuzunguka akikunja mikono kifuani huzunguka upesi zaidi. Kwa kanuni hiyo, kama pasingekuwapo msuguano wala mchanganyiko wa hewa, hewa iliyotoka ikweta ingeipita ardhi ya nyuzi 30 kwa karibu kilometa 480 kwa saa.

Kwa kweli msuguano na dhoruba hupunguza sana kasi hiyo. Hata hivyo, kwenye kimo cha kilometa 9 hadi 13 hubaki mikanda myembamba ya upepo mkali uendao mashariki, kama mito ipitayo angani. Kasi yake mara nyingi huzidi kilometa 100 kwa saa, na wakati wa baridi huweza kupita 200. Mto mmoja huwa juu ya Afrika ya Kaskazini wakati wa majira ya baridi ya huko. Mwingine hupita juu ya Atlantiki ya Kaskazini. Njia ya Nairobi hadi New York huikuta yote miwili.

Mmoja wa watu wa kwanza kuipima mito hiyo alikuwa Wasaburo Ooishi, mtaalamu wa hali ya hewa wa Japani. Katika miaka ya 1920 alikuwa akirusha maputo kutoka kituo cha Tateno, karibu na Tokyo, na kuyafuata kwa darubini. Taarifa yake ya mwaka 1926 aliichapisha katika Kiesperanto, lugha iliyobuniwa ili iwe ya mataifa yote, akitumaini kwamba wataalamu wa nchi nyingi wangeisoma. Walioisoma nje ya Japani wakawa wachache. Miaka 18 baadaye, mwaka 1944, marubani wa Marekani walioruka juu sana kuelekea Japani walishangaa kuona ndege zao zikikaribia kusimama mbele ya upepo ambao ulikuwa umekwisha kupimwa na kuandikwa.

Nguvu ya mito hii huonekana hata leo. Mwezi wa Februari mwaka 2020, wakati wa dhoruba kali juu ya Atlantiki, ndege ya abiria ya British Airways ilitoka New York na kufika London kwa saa 4 na dakika 56, safari ambayo kwa kawaida huchukua zaidi ya saa 6. Injini haikuongezewa nguvu. Upepo ndio uliosukuma.

UPEPO HAULIPI DENI LAKE LOTE

Watu wa mwambao wa Afrika Mashariki waliielewa siasa ya upepo kabla ya ndege kubuniwa. Majahazi ya Omani na Ghuba yalishuka kwa kaskazi na kupanda kwa kusi. Nahodha hakushindana na upepo, aliungoja. Lakini ndege yenye ratiba haiwezi kungoja msimu. Huondoka usiku wa leo, upepo ukiwa wa kweli au wa kinyume.

Ndege ya aina ya 787 huruka kwa sehemu 85 katika mia za kasi ya sauti. Kwenye kimo cha kilometa 11 hewa ina baridi ya nyuzi 56 chini ya sifuri za sentigredi, na sauti huenda kilometa 1,062 kwa saa. Kasi ya ndege ndani ya hewa ni basi karibu kilometa 900 kwa saa. Hewa ikiwa imetulia, kilometa 11,840 zingechukua saa 13 na dakika 9.

Sasa ichukuliwe kwamba upepo wa kutoka magharibi, ukigawanywa kwa wastani katika njia nzima, una kasi ya kilometa 50 kwa saa.

Kwenda: 11,840 ÷ (900 − 50) = saa 13 na dakika 56.
Kurudi: 11,840 ÷ (900 + 50) = saa 12 na dakika 28.

Tofauti ni karibu saa moja na nusu. Lakini kuna jambo jingine ambalo wanafunzi wengi hulipita bila kuliona. Safari ya kwenda imepoteza dakika 47, na safari ya kurudi imeokoa dakika 41 tu. Upepo umekopa 47 ukalipa 41.

Upepo ukiwa wa kilometa 100 kwa saa, hasara ni kubwa zaidi. Kwenda huwa saa 14 na dakika 48, na kurudi saa 11 na dakika 50. Jumla ni saa 26 na dakika 38, wakati katika hewa tulivu ingekuwa saa 26 na dakika 19. Zimepotea dakika 19 zisizorudi.

Sababu ni rahisi ikisha kuelezwa. Ndege inaposhindana na upepo, huwa inakwenda polepole, kwa hiyo hukaa katika upepo mbaya kwa muda mrefu. Inaposukumwa na upepo, huenda upesi na kutoka mapema katika upepo mzuri. Hukaa muda mwingi panapoumiza na muda mchache panaposaidia. Haiwezekani hata siku moja upepo usiobadilika ukaifanya safari ya kwenda na kurudi kuwa fupi kuliko katika hewa tulivu.

Kwa muda wa angani huongezwa muda wa kutembea uwanjani, kupanda na kushuka, na muda wa kuzunguka panapokuwa na kizuizi. Zikiongezwa dakika 30 kwa mambo ya uwanjani na kilometa 400 za kuzunguka, safari ya kwenda katika mfano wa kwanza hukaribia saa 15. Ndivyo ratiba inavyozaliwa.

MZIGO WOTE UKO UPANDE WA KWENDA

Nairobi ina taabu nyingine ambayo Dar es Salaam na Mombasa hazinayo. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu 15 katika mia ikilinganishwa na hewa ya pwani. Bawa hubebwa na hewa; hewa ikipungua, ndege haina budi kukimbia kwa kasi zaidi kabla ya kuinuka. Kwa kuwa nguvu ya kuinua hutegemea mraba wa kasi, ndege yenye uzito uleule huhitaji kasi iliyozidi kwa sehemu 8 katika mia. Na injini nazo, zikivuta hewa chache, hutoa msukumo mdogo. Ndiyo sababu barabara ya kurukia ya Nairobi ina urefu wa zaidi ya kilometa 4, na ndiyo sababu saa za usiku, hewa inapopoa na kuwa nzito, ni saa zifaazo kwa ndege iliyojaa.

Uwanja wa New York, kwa upande wake, uko karibu sawa na usawa wa bahari. Inaporudi, ndege huruka kutoka katika hewa nzito na kusukumwa na upepo. Inapokwenda, huruka kutoka katika hewa nyepesi na kushindana na upepo. Taabu zote mbili zimeangukia upande mmoja: safari inayodai mafuta mengi zaidi ndiyo inayoanzia mahali ambapo ni vigumu zaidi kuinua mafuta hayo.

Kila ndege ina uzito wa juu ambao haiwezi kuuvuka inapoinuka. Ndani ya uzito huo mafuta na abiria hugombania nafasi. Ikiwa ndege hutumia tani 5 za mafuta kwa saa, dakika 25 tu za upepo wa kinyume ni tani 2 na zaidi. Abiria mmoja na mizigo yake akikadiriwa kuwa kilo 100, tani 2 ni watu 20, au ni maua na mboga zinazobaki Nairobi. Mstari wa rula wa mwanafunzi, ule uliorefusha njia kwa kilometa 350, ungegharimu takriban kiasi hichohicho.

Wala haiwezekani kuokoa kwa kuondoka na mafuta yanayotosha barabara. Kanuni za kimataifa hudai mafuta ya safari yenyewe, ziada kwa mambo yasiyotazamiwa, mafuta ya kufikia uwanja wa badala endapo uwanja uliokusudiwa umefungwa, na juu ya hayo mafuta ya kuzunguka angani kwa dakika 30. Rubani akitua New York bila ya kugusa akiba hiyo, hakuibeba bure. Alibeba usalama wa watu wake.

NJIA YA LEO SI NJIA YA KESHO

Kwa sababu hiyo njia haichorwi mara moja na kuachwa. Kila siku, saa chache kabla ya kuondoka, wapangaji wa safari hupata utabiri wa upepo wa kila kimo na kutafuta njia yenye muda mfupi kuliko zote. Mara nyingi njia hiyo si duara kuu. Inafaa kuongeza kilometa 200 ili kuukwepa mto wa upepo, kama vile mpiga kasia anayepanda mto hukaa kando ya ukingo ambako maji ni mapole. Wakati wa kurudi hufanya kinyume: huutafuta mto huo na kukaa katikati yake.

Zaidi ya upepo kuna mipaka. Mwezi wa Aprili mwaka 2023, vita vilipozuka Sudani, anga ya nchi hiyo ilifungwa kwa ndege za abiria. Duara kuu la Nairobi hadi New York hupita juu ya Darfur. Jiometri haikubadilika hata kidogo, lakini njia fupi ikawa haipitiki, na safari nyingi kati ya Afrika Mashariki na nchi za kaskazini zikarefuka.

SAA YA UKUTANI NA SAA YA SAFARI

Hatimaye kuna muda unaosomwa katika tikiti, nao huwachanganya wengi. Ndege iondoke Nairobi saa 5:25 usiku na kutua New York saa 12:25 asubuhi, wakati wa majira ya baridi. Saa za ukutani zinasema safari imechukua saa 7. Lakini kila saa ni ya mji wake. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa moja, nyuzi 110.7 ni saa 7 na dakika 23 za jua. Kwa amri za serikali tofauti hiyo hufanywa kuwa saa 8 wakati wa baridi, na saa 7 wakati wa kiangazi ambapo New York husogeza saa zake mbele. Basi 7 na 8 ni 15, na huo ndio muda wa kweli wa safari. Anayerudi hutoa badala ya kujumlisha.

Msafiri huyo ameona jambo ambalo mkaaji wa ikweta halioni nyumbani. Jua lilizama Nairobi yapata saa 12:30 jioni. Ndege ikaukimbiza usiku kuelekea magharibi, na ilipotua New York bado kulikuwa na giza. Saa ya Nairobi wakati huo ilikuwa saa 8:25 mchana. Ameishi usiku wa saa 20. Akitazama saa yake ya Kiswahili, ambayo huanza kuhesabu tangu kucha, ataona kwamba haimfai tena. Hesabu hiyo hupatana na nchi za ikweta, ambako jua huchomoza karibu wakati uleule mwaka mzima. Huko New York, mwezi wa Januari, saa 1 asubuhi jua bado halijachomoza.

KAZI KWA DARASA

1. Dar es Salaam iko nyuzi 6.9 kusini na nyuzi 39.2 mashariki, uwanja wa Heathrow, London, uko nyuzi 51.5 kaskazini na nyuzi 0.5 magharibi. Wanafunzi watafute umbali wa duara kuu kwa kanuni kamili. Jibu likikaribia kilometa 7,510, hesabu ni sahihi.

2. Umbali ukiwa D, kasi ya ndege V na kasi ya upepo W, wanafunzi waonyeshe kwa aljebra kwamba muda wa kwenda na kurudi ni 2DV ÷ (V² − W²). Kisha waeleze kwa nini kiasi hicho daima ni kikubwa kuliko 2D ÷ V, na nini maana yake W inapolingana na V.

3. Katika safari ya Dar es Salaam hadi London tofauti ya muda wa kwenda na wa kurudi ni ndogo kuliko katika safari ya Nairobi hadi New York. Wanafunzi waushike uzi juu ya tufe, watazame uelekeo wake, wakumbuke uelekeo wa mito ya upepo, kisha watoe sababu.